Sote

Walikuja jioni na mikebe mitatu ya rangi
na kitambaa cheupe, kirefu kama sanda,
wakakitandaza sakafuni mwa kibanda changu, hapa Mbale.
"Herufi nene, Masolo," akasema Mafabi,
"zisomeke toka mnara wa saa."

Mstari wa kwanza: SOKO NI LETU.
Huo niliuandika kwa moyo.
Mama aliuza malewa pale miaka kumi na tisa
kwenye meza ya miguu mitatu;
wa nne ulikuwa jiwe, nililitoa mimi mto Namatala,
likanichubua bega.
Hilo nalijua.

Mstari wa pili: SISI SOTE TUNAJUA NAMBOZO KALA PESA.

Brashi ikasimama.
"Umemwona?" nikamuuliza Mafabi.
Akasema kaona Wamono.
Wamono akasema kaambiwa na Wepukhulu,
na Wepukhulu alikuwa nje, ananunua vocha.

"Labda kala," nikasema. "Sijui.
Ila hapa mmeandika sote."
"Si kineno tu hicho?"
Kineno, ndiyo. Herufi nne.
Lakini nimo ndani yake,
mimi na viatu vyangu na marehemu mama.

"Wengi wape," akadakia kijana nisiyemjua.
Niwape nini? Rangi chukueni.
Usiku wangu huu, chukueni.
Kujua sina; nitawapaje?

"Brashi haina mdomo, Masolo."
"Haina. Mkono ndio wenye mwenyewe."
Wakacheka kidogo.
Kisha hawakucheka.

Mwaka wangu wa imbalu nilisimama mbele ya kisu,
unga usoni, sikupepesa,
na nyuma yangu kijiji kizima kikirukaruka, njuga, pembe, vumbi.
Nilijiona jasiri.
Leo naujua ujasiri ule ulikuwa na miguu ya watu mia tatu.
Usiku huu nina miwili,
na goti la kushoto linatetemeka.

Wakakunja kitambaa rangi haijakauka.
Kesho yake kilipita barabarani, kimemaliziwa na mkono mwingine:
TUNAJUWA, na N imegeuzwa.
Mungu anisamehe,
kilichoniuma zaidi siku ile ni ile N.

Adhuhuri akaja bwana mmoja wa manispaa, suti, tabasamu,
kreti ya soda begani mwa kijana wake.
"Tumesikia. Kumbe wewe ni mtu wetu."
Niliirudisha mwenyewe, kwa miguu, juani,
chupa ishirini na nne zikigongana,
wapita njia wakihesabu,
na waliponiona naingia mle ofisini
wakapata walichokuwa wakikitafuta.

Wiki nzima hakuna aliyeagiza kibao.
Kikundi cha akiba, ambacho mlangoni mwake
niliandika UMOJA NI NGUVU kwa buluu na nyeupe,
kikasahau kuniita mkutanoni.
Usiku mke wangu, Khainza, akazima taa akasema:
"Kiburi nacho ni chama, baba Wabuyi.
Tena chenye mwanachama mmoja."
Nilitafuta jibu hadi jogoo.
Bado nalitafuta.

Ijumaa polisi wakawabeba kumi na mmoja.
Sikuvaa fulana yao ya kijani.
Nilichemsha malewa, nikayaunga karanga
kama alivyounga mama,
nikafunga bakuli kwa kitambaa, nikaenda kituoni.

"Wewe ni mwenzao?" akauliza askari, kalamu juu ya daftari.
Nikafikiri sana, hata akaona ninamchezea.
"Andika: nimeleta chakula."

Mafabi alikula bila kuinua kichwa.
Jicho moja limevimba.
Alipofika nusu ya bakuli akasema,
"Chumvi imezidi."
Nikachovya kidole, nikaonja.
Kweli, imezidi.
Hilo tulilijua, sote wawili.